Nguvu ya Nigeria iko kwa wanawake: pawaliftingi ya Paralimpiki kutoka Sydney hadi Paris

Nigeria ilishiriki Paralimpiki kwa mara ya kwanza Barcelona mwaka 1992. Hiyo ndiyo ilikuwa michezo ya mwisho kwa ule mchezo wa zamani wa kunyanyua uzani, ulioanza Tokyo 1964 kwa wanaume tu, tena wale walioumia uti wa mgongo. Kando yake, tangu 1984, kulikuwa na pawaliftingi, yaani kusukuma chuma ukiwa umelala chali kwenye benchi, iliyofungua mlango kwa watu wenye ulemavu wa aina nyingi zaidi. Baada ya Barcelona mchezo wa zamani ukaondolewa, pawaliftingi ikabaki peke yake.

Lakini mlango ambao Nigeria iliutumia vizuri kuliko mwingine wowote ulifunguliwa Sydney mwaka 2000, wanawake waliporuhusiwa kushindana. Kwa upande wa wanaume, nchi nyingine zilikuwa na uzoefu wa miaka 36. Kwa wanawake, kila nchi ilianzia mstari mmoja, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya mafanikio yaliyofuata. Nigeria haikusubiri kuona wengine wanafanyaje. Lucy Ejike alikwenda Sydney akarudi na medali ya fedha. Akachukua dhahabu Athens 2004, dhahabu tena Beijing 2008, fedha London 2012 nyuma ya Fatma Omar wa Misri, dhahabu Rio 2016, na shaba Tokyo 2020. Michezo sita, medali sita. Alianza kundi la wenye uzito wa mwili wa hadi kilo 44 akamalizia la kilo 61, na Rio alisukuma kilo 142, rekodi ya dunia wakati huo. Kupanda makundi namna hiyo si jambo dogo: kila kilo ya mwili unayoongeza inakukutanisha na wapinzani waliokwishazoea uzito mkubwa kuliko wako.

London ndipo ulimwengu ulipoamka. Kikosi cha Nigeria kilipata dhahabu sita za pawaliftingi. Moja ilikuwa ya mwanamume, Yakubu Adesokan, aliyesukuma kilo 180 katika kundi la kilo 48. Tano zilizobaki ni za wanawake: Ivory Nwokorie, Esther Oyema, Joy Onaolapo, Loveline Obiji na Grace Anozie. Rio wanaume walijibu kwa dhahabu za Roland Ezuruike na Paul Kehinde, ila wanawake nao wakaleta nne, za Ejike, Ndidi Nwosu, Bose Omolayo na Josephine Orji. Tokyo dhahabu zote tatu za mchezo huu zilikuwa za wanawake: Latifat Tijani, Omolayo tena na Folashade Oluwafemiayo. Paris 2024 zikawa mbili, za Onyinyechi Mark kwa kilo 150 katika kundi la 61, na Oluwafemiayo kwa kilo 167 katika kundi la zaidi ya 86. Zote mbili rekodi za dunia. Onaolapo na Nwosu wametangulia mbele ya haki, na majina yao yanastahili kutajwa kila hesabu hii inapofanywa.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, hizo kilo zinapatikana hivi. Mnyanyuaji analala chali kwenye benchi lenye urefu wa mita 2.1. Upana wake ni sentimita 61, na upande wa kichwani linapungua hadi 30.5 ili mabega na mikono yapate nafasi. Miguu yote inakaa juu ya benchi, haigusi sakafu. Hapo ndipo tofauti kubwa na benchi ya kawaida ya jimu ilipo: hakuna kukanyaga chini ili kupata msukumo. Kazi yote ni ya kifua, mabega na mikono. Mshiko hauzidi sentimita 81 kati ya vidole vya shahada.

Mti wa chuma una kilo 20 na vibano viwili vya kuzuia sahani za uzito zisitoke vina kilo 5 kwa pamoja, kwa hiyo kabla ya sahani hata moja tayari una 25. Kilo 142 za Ejike zinahitaji 58.5 kila upande: sahani ya 50, ya 5, ya 2.5 na ya 1. Zile 167 za Oluwafemiayo ni 71 kila upande: 50, 20 na 1.

Mnyanyuaji ananyoosha mikono, anasubiri ishara ya kuanza, anashusha chuma hadi kifuani, anakisimamisha kabisa kwa namna inayoonekana, kisha anasukuma. Hakuna anayemwambia asukume. Yeye ndiye anayeamua amesimamisha vya kutosha. Na hapa ndipo majaribio mengi yanapofia. Ukiwa na haraka, chuma kinadunda kifuani na taa nyekundu za waamuzi zinawaka. Ukikawia, misuli inachoka na chuma kinazama zaidi kifuani baada ya kusimama, na hilo nalo ni kosa. Mikono lazima ipande sawasawa na viwiko vijifunge pamoja. Mkono mmoja ukitangulia, hata kama chuma kimefika juu, jaribio limeharibika. Waamuzi ni watatu, na taa nyeupe mbili zinatosha jaribio kukubaliwa.

Kosa jingine huanzia kwenye mkanda. Asiyeweza kuituliza miguu yake anaruhusiwa kuifunga kwenye benchi. Mkanda ukilegea, nyonga zinazunguka kidogo wakati wa kusukuma, bega moja linashuka, na chuma kinapanda kimeinama. Mtazamaji ataona kosa la mkono, kumbe chanzo kiko mapajani. Kocha mzuri huukagua mkanda kabla ya kukagua mshiko.

Kila mmoja ana majaribio matatu, na bora zaidi ndilo linalohesabiwa. La kwanza linapaswa kuwa uzito ambao mnyanyuaji anaumudu hata siku mbaya. Akikosa yote matatu hana matokeo, hata kama ndiye mwenye rekodi ya dunia. Lipo pia jaribio la nne, la kutafuta rekodi tu, ambalo halibadilishi nafasi ya mtu katika mashindano.

Wengi wa wanyanyuaji waliolijenga jina la Nigeria waliugua polio utotoni. Uhusiano wa ugonjwa huo na mchezo huu ni wa kimwili kabisa. Virusi vya polio vinaua neva zinazoendesha misuli, mara nyingi ya miguu, lakini hisia za ngozi zinabaki. Miguu inakuwa myembamba na myepesi. Mchezo huu unapanga watu kwa uzito wa mwili, kwa hiyo mwenye miguu myepesi anaingia kundi lake akiwa na sehemu kubwa ya kilo zake kifuani na mabegani. Ongeza miaka ya kutembea kwa magongo au kusukuma kiti cha magurudumu, na unapata mabega yaliyokwishafanya kazi nzito kabla hayajagusa chuma.

Mwaka 2020 Afrika ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio, na Nigeria ndiyo iliyokuwa nchi ya mwisho kusubiriwa. Hakuna mpenzi wa mchezo huu asiyefurahia habari hiyo. Kwa timu, maana yake ni kwamba chemchemi iliyotoa vizazi viwili vya mabingwa inakauka, na inapaswa kukauka. Wanyanyuaji wapya itabidi watoke kwingine: waliokatwa miguu, waliozaliwa na viungo pungufu, wenye kimo kifupi, walioumia uti wa mgongo, wenye misuli inayokakamaa kwa sababu ya athari za ubongo.

Kila kundi kati ya hayo linataka ufundishaji wake. Aliyekatwa miguu juu ya magoti ni mwepesi, ila hana urefu wa paja wa kufungia mkanda vizuri, kwa hiyo uthabiti wake lazima utoke mgongoni. Aliyeumia uti wa mgongo hahisi ngozi ya sehemu iliyopooza, na kulala kwenye benchi gumu kwa muda mrefu kunaweza kumletea kidonda asichokijua; akaguliwe ngozi baada ya kila zoezi. Mwenye misuli inayokakamaa hupata shida ya kunyoosha mikono yote kwa wakati mmoja. Na viwiko vipimwe mapema: visiponyooka hadi kubakiza nyuzi zisizozidi 20, mtu huyo hataruhusiwa kushindana, haidhuru ana nguvu kiasi gani.

Upungufu wa zamani nao bado upo. Dhahabu za wanaume wa Nigeria nilizozitaja zimetoka makundi mepesi, ya 48, 54 na 65. Juu kabisa, kule ambako Siamand Rahman wa Iran alisukuma kilo 310 Rio, Nigeria haijapata mtu. Kwa wanawake hali ni nyingine: Paris, Oluwafemiayo alichukua dhahabu kundi zito kuliko yote, na Esther Nworgu akachukua fedha kundi jepesi kuliko yote, la kilo 41.