Vitz yangu na mlio wa kipilefti

Ijumaa
Leo nikirudi Fuoni, hapa Unguja, kutoka mjini, nilipoingia kipilefti cha Amani tu gari ikaanza kusaga: krrrr, kama mbuzi ikipita kwenye kifuu baada ya nazi kwisha. Nikinyoosha usukani, kimya. Gari ni Vitz ya 2001, nimeinunua kwa ami yangu, na ami ni mtu wa samaki. Hilo tutalirudia.

Jumamosi
Nimeanza na visivyo na gharama. Nimeinua mbele kwa jeki, nikaweka na magogo chini kwa sababu jeki ya Vitz siiamini hata dakika moja, kisha nikazungusha magurudumu kwa mkono huku usukani nikiupeleka mpaka mwisho, kulia na kushoto. Tairi haigusi plastiki ya madigadi. Lakini gurudumu la kushoto likatoa kijisauti. Kuchungulia kwa tochi, naona punje ya changarawe imekaa baina ya diski na lile bati la kuzuia vumbi. Nikalivuta bati kidogo kwa bisibisi, changarawe ikadondoka. Nikajipongeza kwa bakuli la urojo.

Jumapili
Nilijipongeza mapema. Ule mlio mwembamba wa bati umeondoka, mzito umebaki. Unakuja kwenye kona nikiwa spidi ya 40 hivi. Kumbe milio ilikuwa miwili, mmoja umejificha ndani ya mwenziwe.

Jumatano
Gereji. Fundi hata gari hakuiendesha. "Jointi hiyo, yakhe, hakuna jengine." Nilikuwa na wasiwasi, maana jointi ya eksele, ile shafti inayozungusha gurudumu, ikifa hugonga, tak tak tak, na hasa ukikata usukani wote ukakanyaga mafuta. Jana yake nilikwenda kiwanja cha skuli nikaizungusha hivyo hivyo pande zote mbili na haikugonga. Na mipira ya jointi mizima, hakuna grisi iliyorukia rimu. Nikamwambia. Akanitazama kama mtoto anayemfundisha bibi yake kupika wali.

Basi nikanyamaza, nikanunua eksele ya mtumba, shilingi 90,000 pamoja na kufunga. Nikatoka gereji, kona ya kwanza: krrrr. Zimekwenda na maji.

Jumamosi ya pili
Jirani yangu mzee aliendesha gari za abiria miaka mingi. Nikamweleza. Hakuuliza gari aina gani, aliuliza: "Inalia ukikata kulia au kushoto?" Nikababaika. Wiki nzima nasikiliza mlio na sijui unakuja upande gani!

Akanieleza, na hapa ndipo pesa zangu zingepona. Ukikata kulia, mwili wa gari hulalia kushoto, uzito wote ukashukia gurudumu la kushoto. Beringi, ile ringi ya gololi inayozungukia gurudumu, ikichoka hulia inapobebeshwa. Na sisi tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo kipilefti chote unakizunguka ukiwa umekata kulia. "Kipilefti ndio kipimo chako, mwanangu. Ikilia humo, tazama kushoto."

Jumapili ya pili
Baada ya sala ya alfajiri, barabara nyeupe, nimezunguka kipilefti cha Amani mara nne mfululizo. Muuza kahawa akasimamisha dele akaniuliza kama nimepotea. Mlio ulikuwepo mizunguko yote minne. Kurudi, kwenye kona za kushoto: kimya kabisa.

Nyumbani nikafanya na jaribio la pili alilonifundisha mzee. Gurudumu liko juu, unalizungusha kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili unashika springi ya shokapu kwa ncha za vidole. Kulia: springi imetulia kama haina habari. Kushoto: mtetemo mdogo mdogo, kama umeshika kifuko cha mchanga na mtu anakikuna kwa chini. Nikashika tairi juu na chini nikaitikisa, ikacheza kidogo. Sikuhitaji fundi kuniambia.

Jumanne
Beringi imefika na boti ya jioni kutoka Dar. Shilingi 45,000.

Alhamisi
Nati ya eksele, soketi namba 30, kutu tupu. Niliilegeza gari ikiwa bado chini na breki imekanyagwa na mpwa wangu, maana ikiwa juu gurudumu linazunguka na wewe. Nilikuwa nimeimwagia mafuta ya kutu tangu jana usiku, na bado ilibidi nichomeke bomba la chuma kwenye mkono wa spana nilisimamie. Ikatoa mlio nikadhani imekatika. Kumbe imekubali.

Kalipa, ile inayobana diski ya breki, nikaifunga kwa waya kwenye springi isininginie kwa mpira wake wa breki. Nikafungua boliti mbili za shokapu, tai rodi na boli jointi, kisha chuma chote kinachobeba beringi nikakitia kwenye kikapu nikakipeleka kwa mwenye presi, mashine ya kusukumia vyuma. Nyundo sikuithubutu.

Beringi ya zamani ilipotoka nilitamani ami awepo. Grisi imekuwa rojo la rangi ya chai ya maziwa, gololi zimeliwa vishimo vishimo. Maji ya bahari. Ami alikuwa akiiteremsha Kizimkazi maji yakitoka, mpaka kwenye mchanga mbichi, apakie ndoo za samaki karibu na ngalawa. Ringi ya ndani ikabaki imeng'ang'ania habu, kile kitovu cha gurudumu, ikakatwa kwa grenda pole pole. Mpya ikasukumwa kwa ringi ya nje. Ukiisukuma kwa ya ndani unaivunja kabla haijaona barabara. Huyu wa presi alilijua hilo bila kuambiwa, nikamwongezea elfu mbili.

Ijumaa
Kipilefti cha Amani, mizunguko mitatu. Naisikia feni ya redieta na muazini, basi.

Usiku ami kanipigia. "Kesho bamvua, kuna samaki Kizimkazi, naomba ile gari nusu siku." Nimemwambia bado iko gereji.