Chupa zisizo na lebo kwenye stoo ya usafi

Wiki hii akili yangu iko kwenye ile stoo ndogo ya usafi pale kazini. Ukifungua unakuta chupa za maji ya kunywa zimejazwa dawa ya njano, nyingine nyeupe, hamna lebo, moja imeandikwa tu "CHOO" kwa kalamu na maandishi yenyewe yameshaanza kufutika. Dada anayeingia shifti ya jioni ndiyo anapokea hizo.

Watu wakisikia habari za kuchanganya dawa wanafikiria mtu mmoja kashika chupa mbili anamimina kwa pamoja. Kazini mara nyingi siyo hivyo, kazini wanachanganya watu wawili ambao hata hawajaonana. Wa asubuhi kamwaga dawa ya kutoa ukoko chooni, ile yenye asidi, kaenda zake, wa jioni anakuja na jiki kwa sababu ndivyo alivyoelekezwa, na kila mmoja peke yake hajakosea kitu!

Novemba 2019 kule Massachusetts, Marekani, ilitokea hivyohivyo kwenye mgahawa. Dawa yenye asidi ilimwagika sakafuni jikoni, baadaye mwingine akaja kusafisha na dawa ya klorini, jamii ya jiki, sakafu ikawa ya kijani ikaanza kutoa mapovu. Meneja akajaribu kuyasukuma yale maji nje ili watu wake wapone, akafariki. Wengine zaidi ya kumi wakaugua. Huyu meneja namuwaza sana, maana alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye moyo angefanya, na gesi haijali moyo.

Jiki ikikutana na asidi, hata siki tu, inatoa klorini, gesi ileile iliyotumika kuua askari Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Ikikutana na amonia inatoa kloramini, nayo ni gesi ya sumu, na amonia imo kwenye baadhi ya dawa za vioo na pia kwenye mkojo uliokaa, kwa hiyo choo kichafu kabla ya kumwagiwa jiki kinatakiwa kisuuzwe kwanza na maji mengi. Klorini ni nzito kuliko hewa karibu mara 2 na nusu, inatambaa chini, na anayesugua choo kainama, uso uko hukohuko chini, mlango kaufunga ili watu wasiingie na feni haifanyi kazi. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi hata kidogo.

Kinachoniuma zaidi ni hii tabia ya kusema dawa ikikuchoma macho ndiyo inafanya kazi. Nimesikia mtu mzima anamwambia binti mgeni kazini "utazoea". Azoee nini jamani? Macho kuwasha na kifua kubana ni mwili unakwambia toka, na unatoka saa hiyohiyo, ndoo unaiacha hapohapo, hurudi kuimwaga wala huongezi dawa nyingine eti ya kuipoza. Mlango uache wazi kama uko njiani, waite wenzako watoke, macho yakiwa yameingiwa unayaosha kwa maji yanayotiririka kama dakika 15 hivi. Halafu mtu akisema amepata nafuu msimwache aende kulala peke yake, maana mapafu yanaweza kujaa maji masaa kadhaa baadaye, aende hospitali na mwenzake aende na ile chupa, daktari ajue ni nini.

Kesho naongea na supavaiza. Nataka kila dawa ibaki kwenye chupa yake ya dukani, asidi na jiki zisikae rafu moja, na pawe na daftari mlangoni mtu anaandika kamwaga nini, wapi, saa ngapi, na kama kashasuuza. Akisema hamna bajeti ya daftari nanunua mimi, ila chupa zile za maji ya kunywa lazima ziondoke kabla shifti ya jioni haijaingia.