Mdogo Wangu na Kikombe cha Kila Asubuhi

Kwa miaka minne niliamini kwamba mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo ambaye tulilelewa naye nyumba moja Temeke, alikuwa anatufanyia makusudi. Aliuza feni ya mama, akauza simu yangu, akaapa kwa Mungu kwamba anaacha unga, yaani heroini, na wiki mbili baadaye tukamkuta tena kijiweni, ameinama kama mtu aliyelala wima. Nilisema hana nia. Mtaa mzima ulikuwa umeshamwita teja, na jina alilopewa na babu lilibaki kutumiwa na mama peke yake. Amenipa ruhusa ya kuandika haya kwa sharti kwamba jina hilo nisilitaje.

Kilichonibadilisha ni usiku mmoja wa arosto, yale mateso ya mwili unapokosa unga. Alikuwa amekaa bila unga tangu asubuhi, na mimi nilikaa naye nikiwa na hakika kwamba anaigiza ili tumpe hela. Alianza kupiga miayo mfululizo. Machozi na kamasi vikamtoka bila kulia, vinyweleo vikamsimama kwenye joto lile la Dar es Salaam, miguu ikawa inapiga godoro yenyewe, na kabla ya alfajiri alikuwa amekwenda chooni mara nisizoweza kuhesabu. Akaniambia, "Dada, mimi raha niliisahau zamani. Navuta ili niwe sawa tu." Hakuna mtu anayeweza kuamuru vinyweleo vyake visimame, kwa hiyo nikaanza kusoma.

Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ubongo una vipokezi maalumu, yaani sehemu za seli zinazoipokea kemikali, vya afyuni, utomvu ambao heroini hutokana nao, na miaka miwili baadaye wenzao wa Aberdeen, Scotland, wakaeleza sababu: mwili hutengeneza wenyewe kemikali zinazofanana na afyuni, ambazo hupunguza maumivu na kutuliza. Heroini ikifika kwenye ubongo hugeuka kuwa mofini na kukalia vipokezi hivyohivyo, ila kwa wingi ambao mwili haukuuzoea. Kwenye shina la ubongo kuna sehemu ndogo inayotoa noradrenalini, kemikali ya kuuamsha mwili na kuutia tahadhari, na heroini huizima. Ubongo haukubali kuzimwa hivyo. Siku kwa siku huongeza nguvu ya sehemu ile ili mtu aweze kuamka na kutembea. Sasa unga ukikosekana ghafla, nguvu yote iliyojilimbikiza huachiwa kwa mara moja, na mwili mzima hulipuka. Hiyo ndiyo arosto niliyoiona.

Lakini arosto kali huisha ndani ya wiki moja hivi, na mdogo wangu alishawahi kuivuka, akanenepa, akarudi kucheka na sisi. Basi kwa nini alirudi kijiweni? Swali hili lilinisumbua kuliko yote, na nadhani ndilo linalowafanya ndugu wengi wakate tamaa. Jibu liko kwenye dopamini, ambayo watu hudhani ni kemikali ya raha, ingawa kazi yake kubwa ni kuufundisha ubongo kipi cha kukifuata. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz, alipochunguza seli za dopamini za nyani, aliona kwamba mwanzoni seli hizo huwaka mnyama anapopewa kinywaji kitamu, ila akishazoea, huwaka mapema zaidi, pale inapotokea ishara kwamba kinywaji kinakuja. Unga hufundisha somo hilo kwa nguvu isiyo ya kawaida, na somo hubaki muda mrefu baada ya mwili kupona. Mdogo wangu alinieleza jambo hilohilo bila kitabu: akipita kona fulani tumbo linavuruga kabla hajamwona mtu yeyote.

Sisemi kwamba hakutenda alichotenda. Feni aliiuza yeye, na anajua. Ninachosema ni kwamba tulikuwa tunaiadhibu kumbukumbu iliyoko kwenye ubongo tukidhani tunaadhibu tabia mbaya.

Dawa iliyomsaidia ni methadoni. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander waliianzisha kama tiba ya uraibu mjini New York katika miaka ya 1960, na hapa kwetu ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke. Hukalia vipokezi vilevile, ila huingia polepole na kukaa siku nzima, hivyo mwenye dozi iliyotulia halewi wala hapati arosto. Mgonjwa huinywa kwenye kikombe mbele ya mhudumu, kisha anazungumza kidogo ili ionekane kwamba amemeza, halafu anakwenda kazini.

Hapo ndipo tulipomponza. Shangazi zangu walisema ametoka kwenye unga akaingia kwenye unga mwingine, na mimi nilinyamaza, ingawa baba yetu amekunywa vidonge vya presha kwa miaka mingi na hakuna aliyewahi kumuuliza ataacha lini. Siku moja jirani alimwona kwenye foleni ya kliniki, habari ikafika mtaani, naye akaacha kwenda. Mwili uliokaa bila heroini kwa miezi hauhimili tena kipimo cha zamani, na methadoni nayo ilipomtoka hakubaki na kinga yoyote. Aliporudia kete moja, yaani kifurushi kidogo cha unga, pumzi ilikaribia kukata. Wenzake wa kijiweni ndio waliompakia kwenye bajaji, na kwenye kituo cha afya ambacho sitakitaja aliachwa kwenye benchi la nje kwa sababu mtu mmoja aliona alama mkononi mwake na kusema, "Hawa wamezoea." Alipona kwa sababu daktari kijana alipita.

Mwaka 2010 mtafiti John Kelly na mwenzake walichapisha utafiti ambamo waliwapa wataalamu wa afya ya akili nchini Marekani maelezo ya mgonjwa yuleyule, wengine wakisoma kwamba ni "mtumiaji mbaya wa dawa", wengine kwamba ana ugonjwa unaotokana na matumizi ya dawa. Waliosoma neno la kwanza walielekea zaidi kumwona kama mtu anayestahili adhabu. Hao walikuwa wataalamu waliosomea kazi hiyo.

Alirudi kliniki, na sasa ni mwaka wa pili. Hutoka saa kumi na mbili asubuhi, hunywa kikombe chake, kisha huenda kwenye karakana ya kuchomelea mageti. Fundi wake humsifu kwa mkono mzuri, ila hajui anapitia wapi kila siku. Mdogo wangu amemwambia kwamba anampeleka mtoto shule, naye hana mtoto.