Siku moja maishani mwangu: simu mchana, Huey usiku

Saa 11 alfajiri. Julai ya Mbeya haina huruma, maji ya ndoo yanauma vidole. Kabla ya chai nafunua kitambaa mezani. Helikopta yangu, modeli ndogo ya kuunga mwenyewe ya Bell UH-1 ambayo wengi wanaijua kwa jina la Huey, iko palepale. Rangi ya kijani niliyopaka jana jioni bado inanata. Kwenye baridi rangi hutaka subira, kwa hiyo siigusi.

Saa 2 asubuhi nafungua kibanda Mwanjelwa. Mimi ni fundi simu. Natoa tundu la chaji lililokufa, natia jipya. Kibano, lenzi na taa ninavyotumia hapa ndivyo ninavyorudi navyo nyumbani, maana kiti cha rubani kwenye modeli hakizidi ukubwa wa ukucha wangu.

Saa 7 mchana, baada ya wali maharage, natoa kiboksi chenye kichwa cha rota, yaani kitovu kinachoshika mapanga yanayozunguka juu ya helikopta. Kipimo ni 1 kwa 48. Mapanga ya Huey halisi yana kipenyo cha mita 14.63, yangu ni sentimita 30.5 ncha hadi ncha. Mzee mmoja anayesubiri simu yake ananitazama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hicho kifimbo juu ya mapanga kina kazi gani?"

Swali hilo nalipenda kuliko yote. Kifimbo kina uzito kwenye ncha zake mbili na kimekaa msalaba na mapanga. Kikizunguka hung'ang'ania usawa wake, kama pia ya mtoto. Upepo ukiinamisha helikopta, chenyewe huchelewa kufuata, na kwa kuwa kimeunganishwa na mapanga, huyarudisha taratibu. Mvumbuzi Mmarekani Arthur Young ndiye aliyeipelekea kampuni ya Bell wazo hilo, miaka mingi kabla Huey haijaruka mara ya kwanza mwaka 1956. Mzee aliomba kukishika. Nikampa, na kibano.

Jioni nafunga.

Saa 2 usiku ni zamu ya kioo cha mlango. Juzi nilikibandika kwa supa gluu, mvuke wake ukakiachia ukungu mweupe. Iliniuma sana, maana Huey bila vioo safi si Huey. Leo nimekisugua kwa dawa ya meno na kitambaa cha pamba, viduara vidogo vidogo, dakika 40, mpaka nikaona usukani upande wa pili. Nimekirudisha kwa gundi nyeupe ya mbao. Hiyo ikikauka haionekani, na kioo haikidhuru.

Saa 4 usiku rangi imekauka. Yamebaki mapanga. Kwenye boksi yalikuja yamenyooka kama rula, lakini helikopta ikiwa imetua na injini imezimwa, mapanga hulegea kidogo kwa uzito wake. Nimeyachovya kwenye maji ya moto, nikayakunja polepole kwa vidole, kisha nikayatia maji baridi yashike hivyo. Naweka la kwanza, naweka la pili. Nainama mpaka macho yawe sawa na meza.

Yamelegea sawasawa, pande zote mbili.