Nilivyotoa hadidiski yangu kwenye FAT32 kwenda NTFS bila kufomati

Mi nashuti na kuediti video za harusi hapa Kigoma mjini, ofisi iko Mwanga. Nina hadidiski ya nje ya GB 500, toka nainunua iko FAT32 (huo ni mpangilio ambao diski inatumia kutunza mafaili), imejaa kazi za watu, nafasi iliyobaki kama GB 40 hivi. Sasa kuna harusi ya Ujiji niliitoa faili moja likafika GB 7, nikikopi linagoma, eti faili ni kubwa mno, wakati nafasi naiona kabisa ipo!

Kumbe FAT32, mfumo wa mwaka 1996 huo, saizi ya faili unaiandika kwa biti 32, kwahiyo faili moja mwisho GB 4 kasoro baiti moja, hata diski iwe tupu. Fundi mmoja akaniambia hamishia vitu vyote diski nyingine, fomati, halafu rudisha. Sawa, hiyo diski nyingine ananipa yeye? Na mama wa bibi harusi hakauki kwenye simu, "mwanangu video vipi, wageni wa Kasulu wanaondoka kesho."

Ndo nikatumia komandi ya convert, inaihamishia diski kwenye NTFS, mpangilio mwingine usio na hicho kikomo cha GB 4, imo humohumo kwenye Windows, hainunuliwi wala haidaunilodiwi. Haifuti kitu, ila mambo yakikatika katikati unaweza ukalia, kwahiyo zile kazi ambazo hazina kopi nyingine nikazitupia kwanza kwenye laptopu na flashi. Na nikafanyia kwenye laptopu yenye chaji ya kutosha, sio deskitopu, umeme wa huku unaujua mwenyewe. Diski yenyewe inakula moto wa USB kwahiyo hata ukikatika haina habari.

Fungua kile kidirisha cheusi cha komandi kama administreta. Kwanza nikaandika chkdsk E: /f (E ni herufi ya diski yangu, angalia yako), ikakuta makosa madogo ikayarekebisha. Usiruke hapo, diski yenye makosa convert inaweza kuikataa. Halafu:

convert E: /fs:ntfs

Inakuuliza jina la diski, andika lilelile linaloonekana kwenye kompyuta, yangu inaitwa KAZI. Baada ya hapo inapiga hesabu ya nafasi, inakuonyesha iliyopo na inayohitaji, isipotosha inakataa mapema kabla haijagusa kitu, hapo ndo nilipoipendea. Kama kuna programu imeshikilia diski, funga kwanza. Taa ikawa inapepesa tu, nikaenda zangu kula ugali na mgebuka, kurudi nakuta imeandika imemaliza. Mafolda yote yako palepale, GB 7 ikaingia bila kelele.

Ila ujue hii ni njia ya kwenda tu, ukitaka kurudi FAT32 hamna komandi yake, ni kufomati. Na TV nyingi za zamani NTFS hazisomi, ndo maana flashi za wateja nimeziacha FAT32, harusi naikata vipande, nikahi peke yake ukumbini peke yake. Wenye Mac nao, itasoma hiyo diski lakini kuandika inagoma mpaka uweke programu ya pembeni. Na memori kadi za kamera zenye exFAT (mpangilio mwingine tena) msihangaike nazo, convert haizijui kabisa.