Mama alipoacha kutembea

Hii mada ya mazoezi na kumbukumbu nimekaa nayo muda mrefu kwa sababu inamhusu mama yangu, ila nimemuomba ruhusa akasema andika tu, kwa hiyo naandika.

Mama ana miaka 68. Maisha yake yote alikaa kijijini Mvumi, na kule kila kitu ni miguu, shamba la uwele mbali, maji mbali, kanisa mbali, msiba ukitokea kijiji cha pili mnatembea, hakuna mtu aliyewahi kumwambia afanye mazoezi maana hakukuwa na siku ambayo hayafanyi. Baba alipofariki tukaona asibaki peke yake, nikamleta kwangu Nkuhungu, hapa Dodoma mjini. Tulifanya kwa upendo kabisa. Maji ndani, jiko la gesi, binti wa kumsaidia, tivii, yani kazi ya mama ikawa ni kukaa kwenye kochi na sisi watoto tukawa tunaambiana kwenye simu kwamba jamani sasa mama anapumzika.

Kama miezi nane baadae ndo nikaanza kuona vitu. Siku moja nasonga ugali, yeye amekaa kwenye kigoda pale mlangoni anachambua mlenda, akaniuliza "mwanangu, gesi ya upande wa pili umefunga?" Nikamwambia nimefunga mama. Akachambua kidogo, akauliza tena. Nikajibu. Ugali haujaiva akauliza mara ya tatu, sauti ileile, maneno yaleyale, na usoni hana dalili yoyote kwamba alishauliza. Nilizima jiko nikasimama tu na mwiko mkononi.

Tukaenda hospitali, presha ikakutwa iko juu, akaanzishiwa dawa. Daktari akatuuliza swali ambalo sikulitegemea, "kwa siku anatembea kiasi gani?" Nikamwangalia mama, mama akaniangalia mimi. Kutoka chumbani mpaka sebuleni, ndo jibu lenyewe.

Kuanzia hapo nikawa nasoma usiku. Kitu cha kwanza kilichonigusa ni kwamba ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Na hiyo oksijeni inaletwa na damu, damu inasukumwa na moyo, inapita kwenye vimishipa vyembamba sana. Sasa presha ikiwa juu miaka mingi, au sukari, vile vimishipa ndo vinaumia, na ukikaa tu presha na sukari vyote vinapata nafasi. Kumbe sisi tulikuwa tunaongea habari ya moyo na kichwa kama vitu viwili tofauti!

Kingine ni sehemu ndogo ndani ya ubongo inaitwa hipokampasi, ndo inayoshughulika na kumbukumbu mpya, kama hili la gesi umefunga au hujafunga, na pia kujua njia. Umri ukienda inasinyaa taratibu. Mwaka 2011 watafiti Marekani walitoa matokeo ya wazee 120 wa miaka 55 mpaka 80 waliowagawa makundi mawili, kundi moja linatembea kwa kasi dakika 40 siku 3 kwa wiki, lingine linanyoosha viungo tu, mwaka mzima. Waliotembea hipokampasi yao iliongezeka kama asilimia 2, wale wa kunyoosha viungo ikapungua kama asilimia 1.4. Niseme ukweli wote lakini, kwenye majaribio ya kumbukumbu makundi yote mawili yalipanda, na tafiti zilizokuja baadae zinaonyesha zaidi kwamba mazoezi yanazuia kusinyaa kuliko kuongeza ukubwa. Kwangu mimi hata kuzuia tu ni kitu kikubwa mno, ukiwa na mzazi anayeanza kusahau utanielewa.

Inatokeaje? Ukiwa unahema na moyo unadunda, mwili unatoa zaidi protini moja inaitwa BDNF, iligunduliwa mwaka 1982 kwenye ubongo wa nguruwe, kazi yake ni kusaidia seli za ubongo ziendelee kuishi na ziungane vizuri na wenzake. Kwa panya wameona zaidi ya hapo, 1999 kule California panya waliowekewa gurudumu la kukimbilia walikutwa na seli mpya nyingi kwenye hipokampasi kuliko wasiokimbia. Panya sio mtu, najua, ila ndo ilifungua huo mlango.

Kilichonifaa zaidi kwenye ule utafiti wa wazee ni namna walivyoanza, maana hawakuwarusha dakika 40 siku ya kwanza. Wiki ya kwanza dakika 10, kila wiki wanaongeza 5, mpaka wiki ya saba ndo 40. Nikaichukua hivohivo, baada ya daktari kusema sawa. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, saa kumi na moja na nusu jioni jua likishapoa, mama na raba zake tunatoka getini, tunapita ile nyumba yenye ua wa minyaa, duka la Mangi, mwarobaini mkubwa, tunarudi. Mwendo ni ule ambao kuongea unaweza ila kuimba huwezi. Mwezi wa saba na wa nane ule upepo wetu wa Dodoma na vumbi lake ulitutesa, mama akawa anajifunga kanga mpaka puani, lakini hatukuacha.

Wiki za mwanzo tukifika kwenye kona ya mwarobaini ananiuliza tunapita wapi. Nilikuwa naumia sana pale kwenye kona. Mwezi wa nne tangu tuanze, tunarudi, nikakata kushoto kama kawaida yetu nikashangaa yuko nyuma amesimama, ananiambia "huku kuna kichochoro, kinatokea nyuma ya kwenu pale." Nikamfuata. Kweli kinatokea.

Sisemi kutembea kumemponya, kuna siku bado anasahau, na dawa za presha anameza kila siku na nazo zimefanya kazi yake, na kule njiani anaongea na watu, salamu za Kigogo, "mbukwenyi" huku na kule, amepata marafiki wawili Wagogo wenzake, na hilo nalo ni dawa ya kichwa. Siwezi kutenganisha kipi kimefanya nini. Ila swali la gesi siku hizi anauliza mara moja.

Na mimi mwenyewe nimebadilika. Nafanya kazi ofisini Mtumba, nakaa kwenye kiti toka asubuhi mpaka saa tisa na nusu, jioni nasomea mitihani ya uhasibu, nilikuwa nasoma ukurasa mmoja mara tatu hauingii. Sasa nakimbia mbio za pole alfajiri nusu saa siku nne kwa wiki, na ile saa moja au mbili baada ya kukimbia kichwa kinakuwa chepesi, maswali magumu ya kodi nayafanya muda huo. Usingizi pia, nikilala nimelala.

Kinachoniuma ni kwamba mtaani ukionekana unakimbia watu wanauliza "unapunguza kitambi?" Yani tumeyafanya mazoezi kuwa habari ya tumbo tu, na mwembamba anajiona hayamhusu. Mama yangu ni mwembamba! Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa kuhema kiasi kila wiki, unene haujatajwa kama sharti. Na ile Jumamosi ya pili ya kila mwezi iliyotangazwa na serikali 2016 kuwa siku ya mazoezi ni nzuri, ila wiki nne ni nyingi mno kukaa unaisubiri.

Wenye wazazi mliowaleta mjini, nawaomba sana, angalieni wanatembea kiasi gani. Msimnyang'anye mzazi kila kazi. Mama sasa nimemrudishia bustani ya mchicha nyuma ya nyumba na kwenda dukani ni yeye, binti anamsindikiza kwa mbali. Ijumaa hii tunaongeza, hatuishii tena kwenye mwarobaini, tunavuka mpaka kanisani, na njia kasema ataongoza yeye.