Makala ya miaka minne, nukuu 9

Wiki hii nimeletewa tena ile fomu ya kupandishwa cheo. Kuna kisanduku kimoja kidogo kinauliza h-indeksi yako ni ngapi, nikasema ngoja nifungue Google Scholar mara moja niandike nimalize, nikajikuta saa saba usiku bado nalikodolea macho jina langu mwenyewe.

Ni 14. Kwa wasiojua, maana yake nina makala 14 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 14, ila ya 15 bado haijafikisha 15. Hesabu hii aliileta mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, na uzuri wake ni kwamba makala moja iliyovuma haiwezi kukubeba peke yake. Ubaya wake pia ni huohuo. Afu haishuki kamwe, hata ukiacha utafiti ukaenda kulima itakaa palepale au itapanda, wala haijali kama kwenye yale majina 12 ya waandishi we ndo uliyekesha maabara au ulipita tu ukasalimia.

Kilichonikera sana lakini ni mpangilio wa orodha yenyewe. Inayoongoza, yenye nukuu 412, ni ile makala fupi ya kupima ukazo wa kibano cha mwanga. Yaani ile mashine yetu, leza inapitishwa kwenye lenzi ya hadubini inashika kishanga cha plastiki kidogo mno, na ili ujue unavuta kwa pikonyutoni (kipimo cha nguvu ndogo mno) ngapi lazima kwanza ujue mtego wenyewe umekaza kiasi gani, na njia rahisi ni kuangalia kishanga kinavyosukwasukwa na molekuli za maji: kikicheza sana mtego umelegea, kikitulia umekaza. Niliandika kwa wiki tatu tu, tena nusu ya kazi yenyewe ilikuwa programu fupi ya kompyuta. Wiki tatu!

Halafu kule chini kabisa, unashuka unashuka, iko ile ya miaka minne. Kinesini, protini inayotembea ndani ya seli ikibeba mizigo. Kwamba inapiga hatua za nanomita 8 hilo lilishaonyeshwa tangu 1993, sisi tulitaka kujua inafanyaje mzigo ukiwa mzito mpaka inakaribia kukwama. Leza mbili zilitufia, wahakiki waliturudisha raundi tatu, mmoja wao nadhani hadi leo hajaelewa mchoro wa nne. Nukuu 9. Na tatu kati ya hizo ni mimi najinukuu mwenyewe, usicheke.

Nikajifariji na mwanabiokemia Oliver Lowry. Makala yake na wenzake ya 1951 kuhusu kupima kiasi cha protini imenukuliwa zaidi ya mara 300,000, na haina siri yoyote ya uhai ndani yake, ni namna ya kuchanganya kemikali usome rangi, basi. Kifaa kila mtu anakiazima kwahiyo kila mtu anakitaja. Wazo jipya linawahusu watu wachache na hao wachache wenyewe wana mambo yao. Na kuna mawazo yanayochukua muda, Arthur Ashkin alichapisha makala yake ya kwanza ya kusukuma vishanga kwa leza 1970, kibano chenyewe kikaja 1986, Nobel akapata 2018 akiwa na miaka 96. Mi kamati yangu inakaa mwezi ujao.

Kuna jambo lingine limenichekesha nikiwa palepale. Hiyo makala yangu ya 412 yote imesimama juu ya mtikisiko wa chembe ndani ya maji, ambao Einstein aliueleza 1905, nikashuka kwenye orodha ya marejeo nione nimemnukuu vipi. Sijamtaja! Hata mara moja. Nimezoea mpaka nikaona ni kitu cha kila mtu, kama kujumlisha. Kwahiyo kwenye hesabu ya nukuu mi nimemnyima Einstein moja, halafu nalalamika.

Basi nikaamua kuzisoma zile makala sita za wengine walioinukuu ile yetu ya kinesini, maana namba nilikuwa nazihesabu miaka yote ila kufungua sijawahi. Nne wametutaja kwenye kundi la namba za marejeo, ule mkumbo wa "tazama pia", sina hakika kama walisoma zaidi ya ikisiri. Moja wamekosea, wametunukuu kwa kitu ambacho hatukusema kabisa. Ila ya sita bana. Watu wawili tu, wamerudia jaribio letu lote hatua kwa hatua, wametumia kurasa mbili kuuchambua huohuo mchoro wa nne, wakaonyesha kwamba chumvi ikipunguzwa kwenye maji ya jaribio kinesini haikwami pale tulipodai, inarudi nyuma hatua moja kwanza.

Nimekasirika kama dakika kumi hivi. Afu nikafungua data zetu za zamani, na kurudi nyuma kupo, mara kadhaa, tulidhani ni kelele za kifaa tukazichuja.

Nimewaandikia usiku uleule kuwaomba vipimo vyao vya chumvi. Wamejibu leo asubuhi, na kishanga cha kwanza nimekishika saa nane mchana. Fomu iko mezani chini ya kikombe, kisanduku bado hakijajazwa.